Bonyeza N au H

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi walimwita Mama Kadi, akina mama wa foleni walimwita Mama Kadi, na hata barua yake ya likizo ya mwaka juzi ilikuja imeandikwa hivyo hivyo, naye akaipokea bila kinyongo. Mahali pake palikuwa kwenye dirisha dogo lenye nondo tatu, mkono wa kushoto ukiingia mlango mkubwa. Mama akifika na mtoto hupitisha kadi chini ya nondo, naye Mama Kadi humtafuta mtoto huyo kwenye kompyuta, akaangalia chanjo zipi amekwisha pata na zipi bado, kisha akaingiza tarehe ya leo. Kadi za karatasi huloa, huchanika, huchorwa na watoto wakubwa huko nyumbani. Ukweli wote ulikuwa ndani ya kompyuta ile, na kazi ya kuutunza alikuwa nayo tangu mwaka aliofiwa na mume. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

Shule aliishia ya msingi, lakini macho yake hayakuwa na mchezo. Aliuliza swali moja tu kwa wakati. Akipewa jibu alilirudia kwa sauti, na hakugusa kitufe mpaka mama mwenyewe aitikie.

"Umesema amezaliwa Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Ile ya mvua kubwa au iliyofuata?"

"Mama Kadi nawe! Ile ya mvua."

"Haya. Sasa ndiyo naandika."

Wapo waliomwona mzito. Sista, muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mwenye mwili na maneno, alikuwa akimtania kupitia mlangoni, "Wewe Mama Kadi ungekuwa malaika wa hesabu, tungesimama foleni mpaka miguu ivimbe."

"Mngesimama, ndiyo," Mama Kadi alimjibu bila kugeuka, "lakini kila mmoja angeingia anakostahili."

Basi ikaja habari kwamba programu ya zamani inaondolewa. Ilikuwa imechoka kweli. Ukiifungua asubuhi unaweza ukafagia chumba, ukafuta vumbi dirishani, ukarudi ukaikuta bado inajinyoosha. Programu mpya ilikuwa tayari, ila kliniki zilikuwa thelathini na moja, nyingine mbali na lami, na mafundi wa kuzizungukia hawakuwepo. Ikaamuliwa iandikwe skripti, yaani mfululizo wa maagizo ambao kompyuta inaufuata hatua kwa hatua huku ikimuuliza mhudumu maswali, ili kila kliniki ijiwekee programu yenyewe. Kazi hiyo akapewa mtu ambaye Mama Kadi alikuwa anakula naye kila siku. Alikuwa mke wa mwanawe.

Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yupo, kesho hayupo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, na meza ya chakula nusu yake ilikuwa ya sahani, nusu ya nyaya.

"Unajua, Mama, kwa nini siwapelekei tu programu iliyokwisha kamilika?" mkwe alimweleza jioni moja, Mama Kadi akiwa anakunja nguo. "Kompyuta zenyewe hazifanani. Nyingine imenizidi umri. Kwa hiyo skripti ikifika inaipima kompyuta kwanza, inamuuliza mwenyewe maswali, halafu inaijenga programu palepale kwa kipimo chake, ndipo inaiweka."

"Kama fundi cherehani anayekuja mpaka nyumbani."

"Hasa! Ndiyo hivyo hivyo."

"Na nguo ya zamani?"

"Inavuliwa. Hizo kompyuta hazina nafasi ya kubeba zote mbili. Watoto wanahamia kwenye programu mpya, kule kwenye ya zamani wanafutwa."

Mama Kadi akabaki ameshika shuka kwa ncha mbili. "Na wakishafutwa?"

"Ndiyo wamefutwa, Mama. Ile ya zamani haina hata sehemu ya kuweka nakala ya akiba. Ukiwahamisha, umewahamisha."

"Kliniki ya kwanza ni ipi?"

Mkwe akatabasamu, nusu ya fahari, nusu ya kuomba radhi. "Ya kwako. Alhamisi ya wiki ijayo. Msimamizi wa mradi atakuja kuangalia mwenyewe. Ikifaulu kwako, inakwenda kote."

Mama Kadi akaikunja shuka, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja. Alikuwa na watoto elfu nne mia moja na kumi na mbili ndani ya ile kompyuta. Idadi aliijua kwa sababu ilikaa kwenye kona ya skrini, na kila jioni kabla ya kufunga aliisoma, kama mtu anavyohakikisha kuku wote wameingia bandani. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akaenda kuinjika chai.

Jumamosi mkwe akasema, "Mama, naomba leo niijaribu kwako. Mimi nikiijaribu mwenyewe nayajua majibu yote. Wewe ukae kama uko peke yako, nami sisemi kitu."

Akamwekea kompyuta yake kuukuu iliyo na watoto mia mbili wa kubuni, akaanzisha skripti, akaenda uani kuanika nguo. Mama Kadi akavaa miwani. Swali la kwanza lilisema, "Bainisha saraka lengwa ya usakinishaji."

Akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Mwanangu!" aliita. "Hiki kitu kinaniuliza au kinanitukana?"

Kicheko kikasikika kutoka kambani. "Kinauliza programu iwekwe wapi!"

"Basi kiseme hivyo! Mimi nikimwambia mama wa foleni 'bainisha uzao lengwa', si atafunga mtoto mgongoni aondoke zake? Na mimi nitajuaje pa kuiweka? Najua pa kuweka ndoo."

Mkwe alirudi mbio na vibanio vya nguo mdomoni, akavitema mkononi, akaandika pembeni. "Hilo nitachagua mimi. Hutaulizwa."

"Sawasawa. Ukimuuliza mtu asichokijua, atakujibu chochote ili tu umpishe."

Wakaendelea hivyo, swali hili likilainishwa, lile likiondolewa, mpaka likaja swali fupi lililoeleweka bila miwani: "Watoto wa zamani wafutwe? N kwa ndiyo, H kwa hapana." Mama Kadi hakubonyeza. Alitaka kulitafakari, na muda wa sala ya adhuhuri ulikuwa umeingia. Mkwe alikwisha rudi kwenye nguo zake. Mama Kadi akanyanyuka, akaenda kutawadha, akasali bila haraka, akakaa kidogo kwenye mkeka na dua zake, kisha akarudi mezani.

Skrini ilikuwa imeandika: "Jibu: N. Watoto 200 wamefutwa. Kazi imekamilika."

"Nani amegusa hapa?"

"Hakuna, Mama. Tuko wawili tu."

"Mbona imejibiwa?"

Mkwe akaingia akijifuta mikono. "Aa, hiyo ni sekunde sitini. Mtu asipojibu inachukua N yenyewe, isikwame. Msimamizi ndiye aliyetaka. Anasema wahudumu wataiacha hapo waende kunywa chai." Akaangalia skrini, uso ukamng'aa. "Na imefika mwisho! Wiki tatu, Mama. Leo ndiyo mara ya kwanza imefika mwisho bila kulalamika."

Mama Kadi alitaka kusema, akajizuia. Alijua uzito wa neno la mama mkwe. Lile lile likisemwa na jirani ni ushauri. Likisemwa na mama mkwe ni kesi. Naye alimpenda binti yule. Tangu siku alipoingia nyumba ile hakuwahi kumsikia akijibu kwa ukali. Basi akala chakula chake kimya kimya, akingoja maneno yampangikie, na yalipompangikia akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, ukiniuliza jambo nikanyamaza, unaelewa nini?"

"Kwamba hujasikia."

"Au?"

"Au unafikiri. Au…" akacheka kidogo, "au hutaki, ila unanionea haya."

"Umewahi kuelewa kwamba nimekubali?"

 Mkwe aligeuka akaitazama kompyuta kule upande wa nyaya.

"Mimi hata mstari mmoja wa ile kazi yako siujui," Mama Kadi alisema taratibu. "Lakini pale dirishani siketi nikitazama skrini. Naitwa huku, naitwa kule. Wale mia mbili wa leo ni wa kubuni, hawana mama wa kuja kuwaulizia. Alhamisi ni wa kwangu."

 Binti alikusanya sahani akaenda kuziosha, na sahani siku ile zilioshwa kwa kelele kidogo. Mama Kadi alibaki ameshika tama. Alijilaumu, akajisamehe, akajilaumu tena. Mchana wote ulipita kwa maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, mlango umefungwa.

Jumapili asubuhi mkwe akatokea chumbani na daftari na kalamu, akavuta kiti akakaa mkabala naye. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa na uchangamfu.

"Haya, Mama Kadi," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Mimi ni mhudumu mgeni, umeambiwa unifundishe dirisha. Unaulizaje? Mwanzo mpaka mwisho."

Mama Kadi akamwangalia. Roho ikamtulia kabisa.

"Kwanza, unauliza kimoja. Usimrundikie mtu maswali kama mzigo wa kuni."

"Kimoja."

"Akijibu, unamrudishia alichosema. Kuna watu wakisikia maneno yao wenyewe ndiyo wanashtuka."

"Namrudishia."

"Unakusanya yote kwanza. Huandiki hata nukta mpaka umemaliza kuuliza. Mwishoni unamwambia, nimepata hiki na hiki, ni sawa? Halafu unangoja."

"Nangoja mpaka lini?"

"Mpaka ajibu! Una treni ya kuwahi?"

Mkwe akacheka mpaka kalamu ikamtoka. Alipoiokota aliuliza, "Na akisema hapana?"

"Unaacha kila kitu ulivyokikuta."

Hapo binti akaacha kuandika, akajikuna kichwa. Skripti yake, alisema, ikifika kwenye swali lile imekwisha kuivunjavunja ya zamani nusu. Kusimama itasimama, lakini ya zamani haitawaka tena.

"Sasa hapana hiyo ina maana gani?" aliuliza Mama Kadi. "Umekwisha bomoa jikoni kwa mtu ndiyo unamuuliza kama anahama?"

Jambo hilo lilimgharimu mkwe siku tatu. Akapangua alichopanga, akajenga upya kwa mpango mwingine: programu mpya ijengwe pembeni, watoto wahamishwe kidogo kidogo, kumbukumbu zao zikibanwa ili nafasi itoshe, na ile ya zamani isiguswe hata nukta moja mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Mama Kadi alimpelekea chai na kumsikia akizungumza na skrini kama anamfundisha mtoto kutambaa. Kila swali likikamilika aliitwa alisome kwa sauti. Lenye kumkwaza ulimi lilirudi kufumuliwa.

Alhamisi ikafika. Ilikuwa siku ya kliniki kama siku nyingine. Mabenchi yamejaa, watoto wanalia kwa zamu. Msimamizi alifika mapema, mwanamume mwembamba aliyechomekea shati vizuri, saa kubwa mkononi. Alisalimia, akakaa nyuma ya Mama Kadi karibu na mkwe. Sista naye akaja kusimama mlangoni, maana jambo la kutazamwa halikuwahi kumpita.

Mama Kadi akasoma ile kona ya skrini kwa mara ya mwisho, akasema bismillahi, akaanzisha skripti.

"Kliniki hii inaitwaje?" iliuliza. Akaandika. Ikamrudishia jina, ikauliza kama ni sawa. N. Ikauliza kama kuna mashine ya kuchapa. H. Ikaipima kompyuta, ikasema ni ya zamani lakini inafaa.

"Kama Sista," akasema Mama Kadi.

"Nimesikia!" akasema Sista.

Ikaanza kujenga, mistari ikipanda juu moja baada ya nyingine, na mara ikatulia: "Sasa nimewahamisha watoto wote. Hesabu yangu ni 4,066. Nikifuta kumbukumbu za zamani hakuna kurudi. Niendelee? N kwa ndiyo, H kwa hapana. Sina haraka."

Wakati huo huo mkono ukapenya chini ya nondo na kadi iliyolowa. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, anataka apelekwe mbele. Mama Kadi akanyanyuka, akampigia Sista ukelele, akamfungulia mama yule mlango wa pembeni, akamshikia mkoba. Dakika zikapita. Msimamizi akatazama saa, kisha skrini, kisha saa.

"Zile sekunde sitini ziko wapi?"

"Nimezitoa," alisema mkwe.

"Si nilikuambia—"

"Uliniambia. Nimezitoa." 

Mama Kadi alirudi, akaketi, akavaa miwani. Kidole kilikwenda kwenye N, kikasimama juu yake bila kuigusa. Akasoma tena.

"Watoto wangu hawajatimia," alisema.

"Vipi?" msimamizi akainama.

"Asubuhi ya leo walikuwa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Huyu anasema elfu nne sitini na sita. Arobaini na sita wako wapi?"

"Mama, si ajabu ni marudio tu. Skripti inasafisha. Mtoto aliyeandikwa mara mbili anabaki mmoja. Huo ni uzuri wake. Bonyeza N tuendelee, nina kliniki thelathini."

"Mimi mtoto simwandiki mara mbili," alisema Mama Kadi, akabonyeza H.

Skrini ikasema, "Sawa. Sijafuta kitu. Kila kitu kiko kama nilivyokikuta." Msimamizi alishusha pumzi kama gurudumu lililopata pancha. Mkwe alikuwa amesogea mbele, rangi imempotea.

"Mama, marudio nimeyatambua kwa vitu viwili tu. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Nikasema hakuna namna mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo…"  Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Pacha," alisema Mama Kadi.

"Pacha!" Sista akapiga kofi la paja lililosikika mpaka kwenye mabenchi. "Mmewameza pacha wa watu!"

Mama Kadi alivuta mtoto wa meza, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Humo aliandika pacha tu, ili siku zao zikifika Sista atoe chanjo mbili kwenye friji kwa pamoja. Akahesabu kwa kidole akilamba ncha kila ukurasa, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Jozi arobaini na nne."

"Arobaini na nne si arobaini na sita," alisema msimamizi, ingawa sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeuliza.

"Kuna wale watatu wa yule fundi wa viatu wa kona. Hao ukibakiza mmoja umepoteza wawili. Arobaini na nne na wawili?"

 Msimamizi aliivua saa yake, akaiweka mfukoni.

Mkwe alikaa kwenye kiti cha Mama Kadi, kompyuta yake magotini. Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja; aliongeza kwamba jina la mtoto nalo lazima lifanane ndipo iitwe marudio. Alijaribu, akajaribu tena, machozi yakimlengalenga, mpaka Mama Kadi akamwekea mkono begani.

"Usilie, mwanangu. Hakuna aliyepotea. Wewe ndiye uliyeipa hapana yake nguvu. Ingekuwa ile ya Jumamosi, saa hizi tunaimba mengine."

"Nisingejua hata kama wamepotea," alisema mkwe. "Mpaka mama aje na wawili, ufungue, umkute mmoja."

Saa moja baadaye waliianza tena toka mwanzo. Safari hii skripti ilihesabu 4,112. Mama Kadi hakuridhika na namba tupu. Alimtafuta mmoja wa wale watatu, akamwona, akamtafuta wa pili, akamwona, akamtafuta wa tatu. Ndipo alipobonyeza N, kwa kidole kilichonyooka, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya kawaida kama anavyosema akimaliza kula.

Programu mpya ikafunguka kabla hajashusha mkono. Sista akadai kwamba sasa Mama Kadi hatapata tena muda wa kufagia.

Msimamizi alikuwa akikuna kidevu. "Mama, kliniki zilizobaki zina wahudumu wengine. Si kila mmoja anakariri hesabu yake. Tukupe likizo ya dirisha mwezi mmoja, uzunguke na mkwe wako?"

"Mimi niende wapi na miguu hii? Na dirisha nimwachie nani, Sista? Atawaandika wote watoto wa Jumatatu." Akamgeukia mkwe. "Muulizeni tu kabla."

"Nani?"

"Mhudumu. Skripti imuulize mapema kabisa, kabla haijagusa kitu: una watoto wangapi? Aende akaitazame ile kona, aandike mwenyewe. Mwishoni ndiyo izilinganishe hesabu mbili. Zikigombana, isimame."

Mkwe akaanza kubonyeza vitufe palepale. "Nimwonyeshe idadi niliyoihesabu mimi, ili iwe rahisi kwake?"

"La! Ukimwonyesha ya kwako atainakili. Mtu amechoka, jua kali, foleni ndefu. Muulize, kisha unyamaze."

Binti akaandika, akafuta neno moja, akaandika tena. Kisha akaigeuza kompyuta kwa Mama Kadi. Mama Kadi akavaa miwani, akaegemea mbele, akalisoma swali jipya kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho, na ulimi haukumkwaa popote.

"Hilo sawa," alisema, akageukia dirishani. "Haya, nani anafuata?"